Kichwa cha Mbuzi wa Uchumba

Marcellin wa Mpofi hakuwa mtu wa kudanganywa, na kama ulisahau jambo hilo alikukumbusha mwenyewe. Alikuwa mchuuzi wa chumvi na mawese, miguu yake imezeekea njiani kati ya Walikale na Masisi, na huko njiani alijifunza kwamba kila mzigo una jiwe chini yake na kila karibu ina sababu yake. Ukimpa kiti, anakagua miguu ya kiti kwanza. Ukimpa chakula, anangoja wewe utangulie. Watu walimcheka, lakini kwa mbali, maana alitembea na fimbo ya mti mweusi yenye rungu kama ngumi ya mtu mzima, na mkono wake haukuwa na subira.

Basi habari ilipomfikia kwamba mbuzi wake amekufa kule Burungu, hakusema masikini, wala hakuuliza amekufa kwa nini. Alisema neno moja tu kwa yule aliyeleta habari.

"Kichwa iko wapi?"

Ngoja tuelewane juu ya mbuzi huyo, maana hakuwa mbuzi wa mchezo. Kwa watu wa Marcellin, kijana akitaka kuoa, baba yake hutanguliza mbuzi jike kwa wazazi wa msichana, kabla ya mambo mengine yote. Si wa kuliwa, si wa kuuzwa. Ni wa kuchungwa tu. Anakaa kwao, na wewe unapitapita na kusikiliza: ananenepa? Analala pakavu? Jinsi wanavyomtunza mbuzi, ndivyo walivyomlea binti yao. Na akifa, kwa kuwa kifo hakikataliki, wenye kumchunga hukausha kichwa chake juu ya moshi, masikio yakiwa mahali pake, mpaka mwenye mbuzi aje aone alama yake. Ngozi haitoshi. Ngozi utainunua soko lolote. Kichwa kisipoonekana, maana yake mmekula au mmeuza, na uchumba unazikwa siku hiyo hiyo.

Na Marcellin, pamoja na ukali wake wote, hakutaka uchumba huu uzikwe. Grégoire alikuwa mwanawe wa pekee, fundi wa matofali, kijana mpole asiyeinua sauti. Alikuwa amekwisha kukataliwa Mpofi, akakataliwa na Itebero. Wazazi wa wasichana walitoa sababu tamu tamu, lakini Marcellin alijua kilichosemwa akigeuza mgongo: kwamba nyumbani kwake mwanamke hadumu. Agathe, mama yake Grégoire, alirudi kwa wazazi wake Itebero zamani, na Marcellin alimwambia kila mtu kwamba alikuwa mvivu. Lisemwalo lipo, watu walijibu, na wakafunga milango. Kisha Grégoire akaenda kujenga kanisa upande wa Masisi, akamwona Dorothée wa Burungu, naye Dorothée akamwona. Kijana alirudi akamwambia baba yake, bila kelele, kwamba huyu akimkosa ataondoka Mpofi na hatarudi tena.

Kwa hiyo Marcellin alitaka mkwe, na alitaka pia asifanywe mjinga. Alivitaka vyote viwili kwa mkono mmoja.

Akafunga chakula chake, akashika fimbo, akaelekea mashariki. Ilikuwa njia ile ile aliyompitisha mbuzi. Alipita kijito chenye gogo la kuvukia, pale mbuzi alipomsumbua, akagoma kukanyaga gogo, akatanua miguu kama mtu mwenye kesi. Marcellin alimsaidia kwa fimbo, kama kila mtu anavyomsaidia mbuzi, na mbuzi akavuka. Sasa alivuka mwenyewe, mawazo yake yote yako kwa wale watu wa Burungu na uongo watakaomwambia.

Léonard Hakorimana, baba yake Dorothée, alimpokea uani. Alikuwa mtu mrefu wa sauti ya chini, mzee wa kanisa, mwenye maharage na mihogo mlima mzima. Mkewe Libérata alikuwa mwanamke wa maneno machache, na Marcellin hakuwapenda watu wa maneno machache, maana hujui wanayaweka wapi yale mengine. Dorothée akaleta mutobe, maji ya ndizi mbivu, katika kibuyu, akapiga magoti, akaondoka. Marcellin aliona kwamba amejifunga kiunoni kikwembe kipya. Alikiona mara moja, akakiweka moyoni.

"Pole na njia, Papa Marcellin," Léonard akasema.

"Njia nimezoea. Kichwa iko wapi?"

Léonard akavua kofia yake, akaizungusha mikononi. "Kichwa haiko hapa. Iko kwa Dokta."

"Dokta gani anakula kichwa ya mbuzi?"

"Hakuli. Anaangalia." Léonard akaitazama kofia, kwa kuwa alijua jinsi maneno yake yatakavyosikika. "Iko muzungu mumoja, anakaa ile nyumba ya zamani ya mupandaji kahawa, upande wa Kitchanga. Anatafuta njia yenye kutoka mugongoni kwenda ku kichwa. Anasema ukikanyaga mwiba, habari inapanda mugongo mupaka kichwani, njo unasikia uchungu. Na kichwa inarudisha amri, njo unaondoa muguu. Anatafuta ile njia inapita wapi. Kwa mbuzi, kwa nyama za pori."

Marcellin alicheka mpaka kohozi likamkaba. "Papa Léonard, nimesikia uongo ya chumvi yenye muchanga na uongo ya mawese yenye maji. Hii ya barabara ndani ya mbuzi iko mupya kabisa. Na nyama?"

"Tulizika."

"Mulizika mbuzi?"

"Dokta alimuchoma shindano ya kumulalisha, juu alikuwa anateseka. Akakataza tusikule."

Kichwa hakuna, nyama hakuna. Kulikuwa na ngozi tu, na Libérata akaileta imekunjwa vizuri, imesafishwa, bila tundu hata moja. Uzuri wenyewe ulimtia Marcellin wasiwasi. Mtu mwenye haki hana haja ya kukunja ngozi namna hiyo. Akatazama kikwembe cha Dorothée kikipita nyuma ya jikoni, akatazama kibuyu cha mutobe, akajiambia: wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Na mulimupeleka kwa muzungu juu ya nini?"

Libérata ndiye aliyejibu. "Alikuwa anavuta muguu ya nyuma, ya kushoto. Nikamukandakanda na maji ya moto, nikamukatia majani karibu asitembee. Alipokosa kusimama nikamubeba mugongoni nikapeleka. Na alianza kuvuta muguu siku ile ulimuleta."

"Mbuzi ya kutoka Mpofi inachoka."

"Njo vile ulituambia," Libérata akasema. "Tukangoja achoke kuchoka."

Marcellin hakupenda sauti ile. Akasema kesho asubuhi watakwenda wote kwa huyo muzungu, waone hicho kichwa kwa macho. Léonard akasita, akaanza kusema kwamba watu hawaendi kule ovyo. Marcellin alipoona amesita, moyo wake ulitulia kwa furaha mbaya. Nimewashika, akawaza.

"Twende," akasema Libérata. "Na mimi nataka kujua ilikufa na nini."

Ukweli ni kwamba Léonard alisita kwa hofu tu. Burungu nzima ilimwita Dokta yule Bwana Vichwa. Miaka ile ya hamsini, mlimani hapo, kulikuwa na maneno mengi juu ya wazungu na watu waliopotea, na mzungu mwenye kununua mbuzi mzima akarudisha ngozi peke yake hakuwasaidia wasemaji kunyamaza. Walipokaribia nyumba ile asubuhi, Léonard alikuwa akisali kwa midomo, na Marcellin alikuwa ameshusha mkono wake mpaka katikati ya fimbo, pale panapofaa kwa kupigania.

Aliyewapokea ni Léopold, muuguzi, kijana nadhifu mwenye kaptula iliyopigwa pasi. Kwenye baraza kulikuwa na vizimba. Kimoja kilikuwa na kakakuona aliyejikunja, ameletwa na wawindaji wa Itebero. Nyuma yake, uani, walikuwa mbuzi. Marcellin alisimama. Kila mbuzi alikuwa amenyolewa manyoya mgongoni, na kila mmoja alikuwa akivuta mguu wa nyuma.

"Aha," akasema polepole. "Kumbe njo hapa miguu zinavunjikia."

Léopold hakukana. Alieleza kama mtu aliyeeleza mara nyingi. Dokta humlalisha mbuzi kwa dawa, akafungua mgongo, akakata uzi mmoja mwembamba katika ule uti mweupe ulio ndani ya mifupa. Uzi ukikatwa, upande uliotengwa na mzizi wake unakufa, taratibu, urefu wake wote. Kisha mbuzi anachinjwa, na Dokta anatia ubongo na uti katika dawa ambayo inapaka weusi nyuzi zilizokufa na kuziacha zile nzima. Akifuata weusi, anajua uzi ule ulikuwa unakwenda wapi.

"Basi yeye njo aliua mbuzi yangu," Marcellin akasema. "Alimukata mugongo, akavuta muguu, akakufa. Na hawa wamemuuzia."

Dokta alikuwa ametoka ndani, mtu mfupi mwenye vidole vilivyoungua kwa dawa. Léopold alimtafsiria. Dokta akamtazama Marcellin, kisha akamtazama Libérata, akamtambua, akasema maneno machache ya Kifaransa bila hasira.

"Anasema mbuzi ya huyu mama hakuikata," akasema Léopold. "Ilikuja na kidonda yake mwenyewe ndani. Na huyu mama aliomba sana kichwa, masikio hasa. Dokta alitoa ubongo, lakini kichwa nilikausha mu jikoni. Ngojeni."

Akarudi nacho. Pembe, nywele, na masikio yamekauka kama majani ya tumbaku. Marcellin alikipokea, akakigeuza. Sikio la kushoto lilikuwa na mikato miwili pembeni, mikato ya kisu chake mwenyewe, hakuna mwingine aliyekata vile.

Hapo ndipo pa kusema asante. Mtu mwingine angesema: nimeona alama, ninyi ni watu wa haki, turudi tunywe mutobe. Léonard alikuwa ameanza kutabasamu, masikini, akidhani mambo yamekwisha. Lakini Marcellin alikuwa amezoea kukuta jiwe chini ya mzigo, na kwa kuwa hakulikuta, alijiona ameibiwa. Kidonda kimekuja chenyewe? Kidonda hakiji chenyewe. Kuna mtu kule Burungu alimpiga mbuzi yule, mtoto wa jirani au Léonard mwenyewe na upole wake wa kanisani. Akijua ni nani, mambo yote ya mahari atayazungumza akiwa amekaa juu.

"Kichwa ni yangu," akasema. "Lakini nani aliua? Muulize Dokta. Kama anajua kufuata njia, afuate hii."

Dokta aliposikia swali hilo uso wake ulichangamka. Inaonekana hakuna mtu mlimani hapo aliyewahi kumuuliza lolote. Akawaingiza chumba chenye harufu kali iliyowachoma macho, akatoa sanduku la vioo vidogo. Juu ya kila kioo kulikuwa na kipande kilichokatwa chembamba kama ganda la kitunguu. Akaweka kimoja chini ya chombo cha shaba, akamwonyesha Marcellin pa kuweka jicho.

Marcellin alimrudishia Léopold kichwa, akainama akiwa amefumba jicho lisilohusika na kuachia lingine nusu, tayari kwa hila. Aliona uwanja wa manjano, na pembeni, upande mmoja, vitone vyeusi vingi vingi.

"Hapo ni chini ya ubongo," Léopold akatafsiri. "Zile nyeusi ni nyuzi zilikufa. Tunashuka."

Kioo kingine. Vitone vilikuwepo, upande ule ule. Kingine, shingoni. Vilikuwepo. Kifuani, vilikuwepo bado, na Marcellin, bila kutaka, alianza kuvisubiri, kama mtu anayefuata nyayo za mwizi kwenye tope na kuona zinaongezeka. Alisahau hata harufu. Alipowekewa kioo cha chini ya mbavu, akainua kichwa haraka.

"Hapa yote imekuwa nyeusi. Nusu yote."

"Njo hapo," akasema Léopold. "Ukishuka tena chini, hii njia inakuwa safi. Uchungu ulianzia hapo."

Dokta alikuwa ameshika kipande cha mfupa, pingili moja ya mgongo, nyeupe, imeoshwa. Juu yake, upande wa kushoto, palikuwa na ufa na kishimo kilichobonyea ndani. Alisema kwa Kifaransa, akijaribu kuonyesha kwa mikono, na Léopold akimfuata neno kwa neno.

"Si meno ya nyama ya pori. Si kuanguka, juu mwenye kuanguka anavunjika namna ingine. Ni kitu ya muviringo, nzito, yenye ilitoka juu kwa nguvu." Dokta akatazama huku na huku akitafuta mfano, akaona, akanyoosha kidole chake kilichoungua. "Kama hii," Léopold akatafsiri, na baada ya kusema akatazama sakafuni, kwa kuwa yeye aliona kabla ya bwana wake.

Kidole kilikuwa kinaonyesha rungu la fimbo nyeusi.

Marcellin aliliona gogo la kijito, na miguu minne iliyotanuka, na akasikia katika kiganja chake ule mtikisiko mdogo wa fimbo ikifika mahali pagumu. Alikuwa hajaukumbuka hata mara moja. Nani hukumbuka kitu kama kile? Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, lakini yeye siku zote alitazama nguo za watu wengine. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, ya moto.

"Mbuzi zinaanguka njiani," Léonard akasema upesi, kwa huruma. "Njia ya Mpofi iko mbaya, mawe, vijito."

"Njo vile," Marcellin akadakia. "Ilianguka. Kwenye kijito."

"Dokta amesema haikuanguka," akasema Libérata.

Walitoka nje. Marcellin alivuta pumzi, akasimamisha mgongo, na mchuuzi ndani yake akashika kazi. Akajikohoza. "Basi, Papa Léonard, mimi nimeridhika. Kichwa nimeona, alama nimeona. Mulichunga muzuri. Sidai kitu. Harusi iendelee, Grégoire anangoja."

Léonard alifungua mdomo kujibu, na huenda angejibu ndiyo, maana alikuwa mtu wa amani. Lakini Libérata alikuwa amesimama mbele yake.

"Papa Marcellin, ile mbuzi ilikuwa ya kupima."

"Ya kupima, ndiyo. Na mumepita."

"Sisi tumepita. Lakini kutoka Mpofi mupaka hapa, alikuwa mu mukono ya nani? Tulizani mbuzi inapima wenye kupokea tu. Kumbe inapima na mwenye kuleta." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Dorothée atapita ile njia. Siku moja yeye pia atachoka, ao atakataa gogo."

"Mutoto ya bantu si mbuzi, Mama."

"Njo ile nasema mimi."

"Grégoire hajawahi kupiga kitu," Marcellin akasema, na hapo sauti yake ilivunjika, kwa kuwa hilo lilikuwa kweli tupu na alilisema akiwa anaomba. "Hata mbwa. Muulize muntu yeyote."

"Najua. Grégoire namupenda. Lakini wataishi ku nyumba yako." Libérata akatazama fimbo, kisha akamtazama usoni, bila chuki, kama mama anayeuliza habari za jirani. "Mama Agathe, pale Itebero. Siku hizi anatembea muzuri?"

Maisha yake yote Marcellin alikuwa na jibu. Kwa askari wa ushuru, kwa padri, kwa wateja wenye mizani yao. Aliulizwa mara nyingi kwa nini Agathe aliondoka, na jibu lilikuwa tayari: mvivu. Hakuna aliyewahi kuuliza anatembeaje. Alimwona Agathe akiteremka kwa mara ya mwisho njia ya Itebero, mkono mmoja ukishika mti mmoja baada ya mwingine, mguu wa kushoto ukichora mstari mavumbini nyuma yake.

Libérata alingoja. Alipoona kwamba jibu haliji, akaitikia kwa kichwa kana kwamba limekuja. Akachukua kile kichwa kutoka kwa Léopold, akakifunga kwa majani ya mgomba, akakaza kamba vizuri, akampa kwa mikono miwili.

"Kichwa yako. Usiseme hatukukupa."

Marcellin hakupita tena Burungu. Alishika njia ya magharibi, kichwa kikimgonga kiunoni kila hatua, na kwa mara ya kwanza tangu awe mchuuzi hakuwa na mtu wa kumshuku. Alipofika kwenye gogo alisimama kwa muda mrefu. Alifikiri kuitupa fimbo kijitoni, kisha akaona haya hata mbele ya maji, maana kuitupa sasa kungemsaidia nani? Akavuka nayo.

Mpofi, Grégoire atakuwa amekaa mlangoni akingoja. Hatauliza kichwa kiko wapi. Atauliza wamekataa kwa sababu gani. Na Marcellin, akitembea, alitafuta uongo wa kumwambia, akatafuta mpaka moshi wa kijiji ukaonekana, ndipo akakumbuka kwamba siku ile Agathe alipoondoka Grégoire, mtoto bado, alikuwa amesimama mlangoni pale pale, akitazama ule mstari wa mguu mavumbini.